Hukumu ya Masurufu na Ulezi Hali Igeukapo

Ndugu zetu Waislamu, wako wadhanio kuwa amri ya masurufu ya watoto haibadiliki kamwe. Na wako waibadilishao wenyewe majumbani mwao. Twasema: wote wamekosea.

Tupige mfano. Mtu wa pwani ana duka Lokitaung, na wanawe wako Lamu kwa mama yao aliyemwacha. Amri yampasa kupeleka kiasi maalumu kila mwezi. Ukame wa 2020 hata 2022 ukaua mifugo ya Turkana, wanunuzi wakafukarika, duka likadorora. Je, anyamaze asipeleke kitu?

Hasha! Sura ya Talaka, aya ya 7, yatufunza kuwa mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na mwenye dhiki atoe katika alichojaaliwa. Basi na apeleke awezacho, kisha airejee mahakama iliyotoa amri, aonyeshe hesabu zake. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 yaipa mahakama uwezo wa kubadilisha. Lakini kabla ya hapo amri ya kwanza yamfunga. Na duka likistawi, mama naye aweza kudai ziada.

Ulezi nao ni vivyo hivyo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mama aolewapo na mtu wa mbali na mtoto, haki yake ya kulea husita; akiachwa, humrudia. Mtoto apatapo kupambanua mambo, yapata miaka 7, huchagua mzazi, na aweza kugeuza chaguo lake.

Yatupasa basi kuyafikisha mageuzi haya kwa hakimu mapema, kabla mtoto hajalala na njaa. Wallahu aalam.