Kufundisha Uchunguzi wa Hitilafu: Somo la Upungufu wa Kanieneo katika Injini yenye Tabochaja

Walimu wa ufundi wa magari tunajua kwamba jambo gumu kufundisha si kufungua injini wala kuifunga, bali ni kuamua kifunguliwe nini. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi tulivyolipanga upya somo moja la karakana, baada ya kutambua kwamba njia tuliyoizoea ilikuwa ikiwafundisha wanafunzi wetu kubahatisha.

Chanzo cha mabadiliko

Hapo awali tulilianza somo hili kwa kuandika ubaoni orodha ya sababu zinazoweza kupunguza kanieneo ya hewa, ambayo mafundi huiita presha, katika injini yenye tabochaja. Wanafunzi waliinakili orodha, kisha tukawapa pikapu ya dizeli iliyokuwa ikikosa nguvu mlimani. Wao wakachagua sababu iliyoonekana kubwa kuliko zote, yaani tabochaja yenyewe, wakaifungua. Baada ya siku mbili ilikuwa mezani, nzima, haina kasoro yoyote. Hitilafu ilikuwa ni ufa mdogo katika mpira wa hewa utokao kwenye kipoza hewa, uliojificha chini ya klipu. Ufa huo ulifumbuka pale tu mpira ulipojaa hewa.

Kosa hilo halikuwa la wanafunzi, lilikuwa letu. Orodha iliwaambia mambo yanayowezekana, lakini haikuwaambia namna ya kuchagua. Iwapo mwanafunzi wa namna hiyo ataajiriwa, mwenye gari atauziwa tabochaja mpya kwa fedha nyingi na gari lake litarudi na ugonjwa uleule.

Maarifa ya kutangulia

Kabla ya kuingia karakanani, mwanafunzi lazima aelewe mambo matatu.

Kwanza, tabochaja haina nguvu yake yenyewe. Moshi unaotoka katika injini huzungusha tabini, na tabini, kwa kupitia shafti, huzungusha kompresa inayosukuma hewa ndani ya injini. Wazo hili ni la zamani: Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hataza yake mwaka 1905. Kwa kuwa nguvu hutoka katika moshi, injini iliyo dhaifu hutoa moshi hafifu, na moshi hafifu huzaa presha ndogo. Basi presha ndogo huweza kuwa chanzo cha udhaifu, na huweza pia kuwa matokeo yake. Chujio la dizeli lililoziba laweza kumdanganya fundi akailaumu tabochaja.

Pili, injini isiyo na mzigo haitoi presha ya kutosha kupimwa. Mwanafunzi anayekanyaga mafuta gari likiwa limesimama uwanjani hapimi chochote.

Tatu, kuna tofauti kati ya kanieneo kamili na ile inayozidi kanieneo ya hewa ya kawaida. Geji ya kawaida huanza na sifuri gari likiwa limezimwa. Sensa ya gari huonyesha kanieneo kamili. Usawa wa bahari, kama Dar es Salaam, kanieneo ya hewa ni karibu kilopaskali 101. Mbeya, iliyo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, ni karibu kilopaskali 82. Tuwape wanafunzi zoezi: sensa imesoma kilopaskali 150 katika miji yote miwili, je, tabochaja imeongeza kiasi gani? Jibu ni karibu 49 Dar es Salaam na karibu 68 Mbeya. Zoezi hili huwafundisha pia kuijaribu sensa yenyewe: injini ikiwa imezimwa na swichi imewashwa, sensa lazima isome kanieneo ya mahali gari lilipo. Isiposoma hivyo, vipimo vyake vingine visiaminiwe.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza ni kuyathibitisha malalamiko. Mwalimu aliyeidhinishwa kuendesha apande mlima kwa gia ya tatu akikanyaga mafuta yote, na mwanafunzi aliyeketi kando yake asome geji iliyounganishwa katika mpira wa hewa. Kipimo kilinganishwe na kitabu cha mtengenezaji wa gari hilo, si na gari la jirani. Wanafunzi wengine waangalie rangi ya moshi. Katika dizeli, moshi mweusi pamoja na ukosefu wa nguvu huashiria kwamba mafuta yapo lakini hewa haitoshi. Nguvu ikikosekana bila moshi mweusi, tuanze kuchunguza njia ya mafuta.

Ikiwa gari ni la kisasa, mashine ya kusomea kompyuta yake huweza kutoa namba P0299. Mwanafunzi aelezwe kwamba namba hiyo husema tu kuwa presha iliyopimwa ni ndogo kuliko iliyotakiwa. Haisemi ni kwa nini.

Hatua ya pili ni kuigawa njia ya hewa na moshi katika sehemu nne, na kuzichunguza kuanzia iliyo rahisi na isiyo na gharama.

Sehemu ya kwanza ni kabla ya kompresa: chujio la hewa lililojaa vumbi, au mpira uliolegea ambao hujibana unapofyonzwa. Sehemu ya pili ni kati ya kompresa na injini: mipira, klipu na kipoza hewa. Mafuta ya oili yaliyotapakaa kwenye kiungo mara nyingi huonyesha mahali hewa inapovuja. Sehemu ya tatu ni ya moshi: gasketi ya manifoldi inayovuja kabla ya tabini huiba nguvu, na sailensa iliyoziba baada ya tabini huuzuia moshi usipite. Sehemu ya nne ni ya udhibiti: kilango cha kupitishia moshi pembeni kikikwama wazi, moshi hukwepa tabini.

Sehemu ya pili huhitaji jaribio maalumu, kwa maana nyufa nyingi hujifumba injini ikiwa imezimwa. Tuliziba mdomo wa kompresa kwa kizibo chenye vali, tukauziba mpira wa pumzi ya injini unaoingia katika njia hiyo, tukafungua kifuniko cha kujazia oili, kisha tukaingiza hewa polepole. Maji ya sabuni yakapakwa kwenye viungo vyote. Hewa isizidi presha ya kawaida ya injini hiyo, na mtu yeyote asisimame mbele ya kizibo. Mapovu yalipotokea chini ya klipu yetu, wanafunzi waliiona hitilafu kwa macho yao ndani ya muda mfupi.

Hatua ya tatu, na ya mwisho, ni tabochaja. Mwanafunzi azungushe shafti kwa vidole, akague mapanga, na atazame dalili za kugusa ukuta. Mchezo mdogo wa pembeni ni wa kawaida katika tabochaja nyingi, kwa sababu shafti huelea juu ya utando wa oili. Mchezo wa mbele na nyuma unaosikika wazi ni dalili mbaya. Ikionekana kwamba tabochaja imekufa kweli, swali halijaisha: imeuawa na nini? Shafti yake huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na haiwezi kuishi bila oili safi. Anayefunga mpya bila kukagua bomba la oili ataifungua tena.

Tathmini

Tumeacha kutoa alama kwa kasi ya kupata jibu. Kila mwanafunzi hujaza karatasi yenye nafasi nne: ninadhani nini, nitapima nini, ni kipimo gani kitakachonionyesha kwamba nimekosea, nimeamua nini. Nafasi ya tatu ndiyo iliyo na thamani kubwa kuliko zote. Anayeshindwa kuijaza haruhusiwi kushika spana. Mwalimu huficha hitilafu ndogo isiyoharibu injini, kwa mfano kulegeza klipu au kuchomoa mpira mwembamba wa sensa, kisha hufuata karatasi hatua kwa hatua.

Mwanzoni wanafunzi hulalamika kwamba njia hii huwachelewesha. Tumewajibu kwa kuwakumbusha zile siku mbili ambazo tabochaja nzima ilikaa mezani. Tumeona pia kwamba mwanafunzi aliyekosea dhana yake ya kwanza, lakini akaikataa mwenyewe kwa kipimo, huwa fundi bora kuliko aliyebahatisha sawasawa.

Tunawashauri walimu wenzetu walijaribu somo hili hata kama karakana zao hazina mashine za kisasa. Geji moja, kizibo, pampu, maji ya sabuni na karatasi vinatosha. Mwenye gari hulipia uamuzi wa fundi kabla ya kulipia kazi ya mikono yake; ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba uamuzi huo umepimwa.