Maalim Wangu Haniulizi Tena

Kwa Mzee Mshauri,

Mimi ni askari wa upelelezi hapa Mombasa, mzaliwa wa Kisauni, na faili niliyo nayo mezani ni ya mtu ambaye tangu mwaka jana huwavizia usiku vijana wa mapanga, wale wanaokata watu na kuwapora, akawapiga kwa nondo. Wawili wamekufa, na wengine wamebaki vilema. Raia hawataki akamatwe: nikipita barazani watu hunyamaza, na anayethubutu kunena huniambia kwamba dawa ya moto ni moto. Mmoja wa hao wawili alikuwa ameanza kunipasha habari za wakubwa wake.

Linaloninyima usingizi ni jingine. Maalim aliyenisomesha chuoni alikatiwa mwanawe na vijana wa namna hiyo hiyo, mwana huyo akaporwa, na baada ya miezi akafa kwa majeraha. Kesi ile ya wizi wa mabavu niliipeleleza mimi, na ikaondolewa mahakamani chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kwa kuwa mashahidi waliogopa kuja. Toka hapo, kila Ijumaa tukitoka msikitini, Maalim alikuwa akiniuliza, "Faili ya mwanangu imefika wapi?" Tangu mtu wa nondo aanze kazi yake, Maalim haniulizi tena. Sina ithibati nyingine, ila baiskeli iliyoonekana usiku, nayo yafanana na yake. Mama yangu, nilipomdokezea, alinambia hatakuwa radhi nami nikimtia pingu mtu aliyenifunza alifu. Je, nimwendee Maalim usiku nimwulize kwa faragha? Au faili niiache ilale?

Mwana wa Kisauni

(Nimegeuza alama kadhaa za barua hii, asije akatambulika aliyeandika wala aliyeandikwa.)

Mwanangu,

Maswali yako mawili nayajibu kabla ya yote, usije ukayasoma maneno yangu huku roho i juu: kwa Maalim usiende usiku, na faili usiiache ilale.

Nianze na dhana, kwa kuwa ndiyo inayokutesa. Mzee aliyefiwa na mwanawe huweza kuacha kuuliza habari za kesi kwa sababu nyingi zisizohusiana na nondo wala giza: huenda amechoka kukuona ukiinamisha kichwa kila Ijumaa, huenda amemwachia Mola, huenda ameona haya kumkera mwanafunzi wake; na baiskeli, katika mji ambao mchuuzi na mvuvi na fundi huamkia juu yake, si kitu cha kumtia mtu hatiani. Walakini wewe ni mpelelezi, na jicho lililozoea kazi haliombi ruhusa kabla ya kuona. Ulichokiona umekiona, wala huwezi tena kuishika faili ile kama kwamba hukukiona. Maana ukimwona Maalim hana hatia, utajiuliza kama ni mapenzi yaliyokunong'oneza, na ukimwona anayo, utajiuliza kama ulijitia ukali ili watu wasiseme unampendelea.

Ama ziara ya faragha, moja katika mawili litatokea, na yote mawili ni shari. Akikana, utakuwa umemtonya ikiwa ndiye, na umemvunjia heshima ikiwa siye. Akikiri, utatoka nyumbani kwake na ungamo lisilofaa kitu mahakamani, kwani sheria ya ushahidi ya Kenya haikubali mtu aungame mbele ya afisa yule yule anayempeleleza: hutakiwa jaji, au hakimu, au afisa mwingine mwenye cheo cha kutosha, naye mtuhumiwa awe na mtu wa tatu aliyemchagua mwenyewe. Utakuwa umebeba siri ambayo huwezi kuitumia wala kuitupa.

Sasa niingie katika lile linalonenwa barazani, ambalo sitaki kulidharau. Mtu aliyekatwa panga alfajiri akienda kazini, kwa ajili ya simu na nauli, kisha baada ya wiki akamkuta aliyemkata ameketi maskani akimtazama usoni, si mtu mwovu anapofurahi kusikia kwamba kijana yule amevunjwa mguu. Aliitafuta mahakama akaikosa, ndipo akaridhika na nondo. Wanaokunyamazia leo wanakumbuka kwamba walipoitwa kutoa ushahidi waliachwa warudi mitaani peke yao, na washitakiwa wakawatangulia kufika.

Lakini tuhesabu kwa uadilifu mtu huyu amewapa nini. Umeandika, kwa maneno machache mno, jambo ambalo kwangu ni zito kupita yote mengine: kwamba mmoja wa waliouawa alikuwa ameanza kukupasha habari. Kijana yule, pamoja na dhambi zake zote, alikuwa na majina kichwani mwake, ya wanaowatuma vijana, na wanaozipokea simu za wizi wakaziuza, na wanaopeleka fedha za dhamana mara mmoja wao anaposhikwa. Na mvizi wa usiku, akidhani analipa damu ya wanyonge, alimnyamazisha shahidi ambaye wakubwa hao wangelitoa mali nyingi ili anyamazishwe. Wamefanyiwa kazi hiyo bure, nao watapata vijana wengine, maadamu mitaa haikosi vijana wasio na kazi. Hoja hii usiinene barazani, kwani jamaa za mpasha habari wangali hai. Ila iwe moyoni mwako kila unapoambiwa kwamba mtu huyu anaisaidia serikali.

Na kwa kuwa unayemdhania ni mtu wa elimu, ataijua hoja ya pili kuliko mimi. Kisasi, hata katika fikhi, hakikuwekwa mikononi mwa aliyefiwa akitekeleze gizani apendavyo: wanazuoni walishurutisha ithibati na hukumu na idhini ya mwenye mamlaka, na wakamfungulia walii wa damu mlango wa kusamehe. Fauka ya hayo, kisasi humfuata aliyeua, wala si kila kijana anayefanana naye kwa mavazi na maskani. Na kikimwangukia mwingine, hiyo ni dhulma mpya, iliyo na mama yake wa kuomboleza.

Utaniuliza, je, huzuni ya mzazi haina uzito? Inao, ila una mahali pake pa kupimwa. Sheria hutambua ghadhabu ya ghafla, na aliyeua kwa hamaki kabla moyo haujatulia huweza kuhesabiwa kuwa ameua bila kukusudia. Anayevizia usiku kwa miezi hawezi kuingia kwa mlango huo. Upo mwingine, uliofunguliwa Desemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoamua kwamba hukumu ya kifo haiwezi kuwa ya lazima kwa kila anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, bali jaji asikilize kwanza hali na sababu za aliye mbele yake. Huruma unayotaka kumpa mzee huyo kwa kuificha faili, yuko mwenye mamlaka ya kumpa hadharani, baada ya kuwasikiliza pia wazazi wa vijana waliokufa.

Basi fanya hivi. Mwandikie mkubwa wako kazini, kwa maandishi yenye tarehe, kwamba katika tuhuma hizi limeingia jina la mtu aliyekulea, ukaombe faili apewe mwingine. Na yote uliyonayo, baiskeli na unyamavu wa Ijumaa, umkabidhi huyo mwingine bila kuongeza wala kupunguza. Atayachunguza kwa macho yasiyo na deni, na si ajabu Maalim akatoka humo msafi, nawe ukaondokewa na dhana ambayo peke yako usingeweza kuiondoa kamwe.

Kisha, ukiwa umeiweka chini faili hiyo, mwombe mkubwa wako idhini ya kuiinua ile ya mwana wa Maalim. Kesi iliyoondolewa chini ya 87(a) kabla mshitakiwa hajatakiwa kujitetea haikufa: aliyeachiliwa hivyo aweza kushitakiwa upya kwa jambo lile lile. Watafute mashahidi wale mmoja mmoja, na kabla hujawataka waseme neno, peleka habari zao kwa wanaohusika na Sheria ya Kulinda Mashahidi ya mwaka 2006, ili safari hii wasirudi mitaani peke yao. Ikifunguliwa, Maalim aarifiwe rasmi, kwani Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya mwaka 2014 imewapa jamaa wa aliyeuawa haki ya kupata habari za kesi yao, wala hakupaswa kuziomba mlangoni mwa msikiti. Siku watu wa baraza watakapowaona wenye mapanga wakihukumiwa kwa ushahidi wa jirani zao, ndipo utakapoweza kuwaambia waiache nondo, nao wakakusikiliza.

Mama yako usibishane naye. Mwambie kwamba Maalim hutamtia pingu wewe, kwa kuwa kesi si yako tena. Akifahamu hilo, mwongezee kwamba ikiwa kwa bahati mbaya ndiye, mwenye faili asingeweza kumpelekea chakula rumande, wala kumtafutia wakili, wala kusimama mbele ya jaji kueleza namna alivyowalea watoto wa mtaa mzima; wewe, ukiwa umejitoa kwa uwazi, utaweza kumwomba mkubwa wako ruhusa ya kuyafanya hayo yote, tena mchana, bila ya kumficha mtu. Huo ndio utiifu ambao mwanafunzi anaweza kumpa mwalimu wake bila kuwadhulumu waliouawa, na sidhani kwamba mzazi aliyekupeleka chuoni atakunyima radhi kwa ajili yake.