Ole bin Hans: Namna ya Kutafuta Nasaba ya Kinorwe

Tarehe 4 Julai mwaka 1825, jahazi liitwalo Restauration liling'oa nanga katika bandari ya Stavanger, kusini-magharibi ya Norwe, likiwa na watu 52. Lilifika New York tarehe 9 Oktoba likiwa na watu 53, maana mtoto mmoja alizaliwa baharini. Huo ulikuwa mwanzo wa uhamiaji mkubwa. Katika miaka mia iliyofuata Wanorwe wapatao 800,000 walikwenda Amerika ya Kaskazini. Ukilinganisha wahamiaji na idadi ya wenyeji, katika Ulaya nzima ni Ireland tu iliyoishinda Norwe.

Vitukuu wa watu hao leo wako Minnesota, Wisconsin, Iowa na kwingineko, na wengi hutafuta asili yao. Mara nyingi walicho nacho ni jina tu, tuseme Ole Hansen, na mwaka aliofika. Kwa jina hilo peke yake hawafiki popote. Au wenye haraka hufika, lakini katika ukoo wa watu wengine.

Sababu yake msomaji wa Kiswahili ataielewa upesi kuliko Mmarekani. Hansen halikuwa jina la ukoo. Maana yake ni mwana wa Hans, kama sisi tusemavyo Juma bin Ali. Dada yake Ole aliitwa Hansdatter, yaani binti Hans, na hata alipoolewa hakuliacha jina hilo. Mwana wa Ole naye hakuwa Hansen bali Olsen. Tena ilikuwa desturi mwana wa kwanza apewe jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama, hata majina yale yale machache yakazunguka kizazi baada ya kizazi. Si ajabu kukuta akina Ole Hansen kadhaa katika usharika mmoja kwa wakati mmoja. Sheria ya kuitaka kila jamaa iwe na jina moja la kudumu haikutolewa mpaka mwaka 1923.

Basi watu walitambulikanaje? Kwa shamba. Baada ya jina la baba liliandikwa jina la shamba alikokaa mtu, na hapa ndipo watafutaji wengi hujikwaa, kwa kuwa jina la shamba laonyesha makao tu, halionyeshi damu. Mtu akihama, jina lilibadilika. Mwanamume akioa binti aliyerithi shamba na kwenda kukaa huko, aliitwa kwa jina la shamba la mkewe. Tena alikuwako mtu aliyeitwa husmann: huyu alipewa kibanda na kipande cha ardhi katika shamba la mwingine, na mara nyingi alilipa kwa kazi ya mikono yake. Yeye naye aliweza kuandikwa kwa jina la shamba lile lile. Kitukuu akiliona jina hilo hudhani kwamba babu zake walikuwa wenye ardhi, kumbe vitabu vyaweza kumwonyesha kwamba walikuwa wakimlimia tajiri. Asiyeweza kustahimili habari kama hiyo heri asianze kazi hii.

Hata hivyo jina la shamba lafaa sana. Walter Mondale, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani tangu 1977 mpaka 1981, alipata jina lake kutoka Mundal, mahali palipo Fjærland, magharibi ya Norwe. Ni herufi tu zilizogeuka. Lakini majina mengine, kama Haugen, maana yake kilima, yamo kila wilaya. Kwa hiyo, kabla ya yote, tafuta usharika. Vitabu vya makanisa ya Kilutheri huko Amerika mara nyingi huutaja. Vilevile polisi wa bandari za Norwe waliandika majina ya wahamiaji na kwao walikotoka. Orodha za Christiania, ambao leo ni mji wa Oslo, zaanza mwaka 1867.

Ukiisha kuujua usharika, fungua vitabu vya kanisa. Picha za kurasa zake zimewekwa katika intaneti na hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Norwe, mahali paitwapo Digitalarkivet, na kusoma ni bure. Mwandiko ni wa Kigothi na lugha ni ya Kideni, kwa kuwa Norwe ilitawaliwa pamoja na Denmark mpaka 1814. Katika vitabu vya zamani siku huandikwa kwa jina la sikukuu, kama Jumapili ya tatu baada ya Utatu, nawe huna budi kuhesabu mwenyewe. Tangu mwaka 1812 kurasa zina mistari na nafasi maalum, nakala ya pili ikawekwa na karani wa kanisa, na ikaamriwa kwamba vitabu hivyo viwili visilale chini ya paa moja, kwa kuogopa moto.

Usiridhike na jina la baba na mama tu. Soma wasimamizi wa ubatizo, maana kwa kawaida walikuwa shangazi, wajomba na majirani, na mashamba yao yameandikwa. Hao ndio watakaokutenganishia Ole mmoja na mwingine. Kisha linganisha na hesabu za watu: ya 1801 yataja kila mtu kwa jina na umri, ya 1865 yaongeza mahali alipozaliwa, ya 1910 yatoa tarehe kamili ya kuzaliwa. Hesabu hizi hufungwa miaka mia, na ya 1920 ilifunguliwa mwaka 2020.

Wakibaki akina Ole wawili, usimchague yule akupendezaye. Mfuate kila mmoja katika vitabu vya kipaimara, ndoa, kuhama na maziko. Ukimkuta mmoja amezikwa usharikani humo akiwa na umri wa miaka minne, huyo siye aliyepanda meli.