KICHWA CHA UKURASA NA LEBO ZAKE: SOMO KWA VYAMA VYENYE TOVUTI



Baadhi ya vyama vyetu sasa vina tovuti katika intaneti. Fedha za wanachama zilitumika kuzitengeneza, na kila mwaka hulipwa ada ili zisifungwe. Kwa hiyo ni haki ya mwanachama kuuliza: je, mnunuzi asiyetufahamu anaweza kutuona? Akitafuta kahawa ya Kilimanjaro, asipokiona chama, atamwona dalali, na faida ya kati itabaki kwa dalali huyo. Sababu za kutoonekana ni nyingi, lakini mojawapo katibu anaweza kuiondoa mwenyewe bila gharama: vichwa vya kurasa vilivyoandikwa ovyo.

Kichwa cha ukurasa ni nini?

Mwaka 1991 Tim Berners-Lee, aliyebuni mfumo wa tovuti akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, aliorodhesha alama za kuandikia kurasa. Mojawapo iliitwa "title", yaani kichwa, nayo ingali inatumika. Kichwa hiki si yale maandishi makubwa yaliyo ndani ya ukurasa. Huandikwa mahali pake katika fomu ya kutengenezea tovuti, na mtafutaji hukiona katika orodha ya majibu ya mtambo wa kutafutia, kama vile Google au Bing. Kwa kawaida ndicho mstari anaoubonyeza ili aingie kwetu.

Mtambo huo haulifahamu ghala letu wala haumjui Mwenyekiti wetu. Husoma kurasa, huweka kumbukumbu ya maneno yake kama faharasa ya kitabu, kisha hulinganisha maneno hayo na swali la mtafutaji. Fikiria leja ambayo juu ya kila ukurasa pameandikwa "Hesabu" tu. Mkaguzi angeijuaje akaunti ya pembejeo na ile ya malipo ya wakulima? Tovuti ambayo kila ukurasa wake unaitwa "Karibu" ina kasoro hiyo hiyo.

Sifa za kichwa kizuri

(a) Kiseme kilichomo. Hakuna mnunuzi anayetafuta neno "Nyumbani". Badala yake andika "Kahawa ya arabika ya Kilimanjaro", kisha jina la chama.

(b) Kila ukurasa uwe na kichwa chake. Ukurasa wa malipo uitwe, mathalani, "Malipo ya kahawa kwa wanachama, msimu wa 2024/2025". Ukurasa wa uongozi nao uwe na jina lake.

(c) Kiwe kifupi, na maneno yenye uzito yatangulie. Google haikuweka kikomo cha herufi, lakini kichwa kirefu hukatwa kulingana na upana wa skrini. Yafaa kisizidi herufi 60 hivi.

(d) Kitumie maneno ya mtafutaji. Mnunuzi wa ng'ambo hutafuta kwa lugha yake, aghalabu Kiingereza. Ukurasa uliokusudiwa kwake uandikwe wote kwa Kiingereza, pamoja na kichwa chake. Ukurasa wa wanachama uwe wa Kiswahili. Tusichanganye lugha mbili katika kichwa kimoja.

(e) Kiwe cha kweli. Chama kisicho na hati ya kilimo hai kisiandike kwamba kahawa yake ni ya kilimo hai. Kichwa cha uongo humleta mnunuzi mara moja, na humwondoa kwa miaka mingi.

Tangu Agosti 2021 Google imetumia utaratibu mpya wa kuonyesha vichwa. Kichwa kikiwa kirefu mno, au kikiwa kimejazwa maneno yanayorudiwarudiwa, mtambo unaweza kukiacha na kuonyesha maneno mengine uliyoyakuta katika ukurasa. Tusipoliita duka letu kwa jina linalofaa, mpita njia atalipa jina lake.

Lebo nyingine

Lebo ya maelezo, iitwayo "description", ni sentensi moja au mbili zinazoweza kuonyeshwa chini ya kichwa. Google haiitumii kupandisha ukurasa daraja, ila humsaidia msomaji kuamua kama ataingia. Taja zao, mahali lilikolimwa na msimu wa mauzo.

Lebo ya picha, iitwayo "alt", hueleza picha kwa maneno. Huwafaa wasioona, ambao husomewa na kompyuta, na husaidia mtambo kufahamu kilichopigwa picha. "Wanachama wakianika kahawa" ni bora kuliko "Picha 4".

Lebo ya tatu, "keywords", ni orodha ya maneno yaliyofichwa. Mitambo mingine ya miaka ya 1990 iliizingatia, na watu wakaijaza maneno yasiyohusiana na kurasa zao. Mwezi Septemba 2009 Google ilitangaza wazi kwamba haiitumii katika kupanga majibu.

Tahadhari kwa Bodi

Katika ukaguzi wa chama kimoja nilikuta hati ya malipo kwa fundi aliyeuza "maneno ya siri ya kushika nafasi ya kwanza". Maneno hayo yote yaliwekwa katika lebo hiyo ya tatu. Hati ilikuwa na sahihi zote zilizotakiwa, lakini huduma iliyolipiwa haikuwa na manufaa. Ndugu, hakuna anayeweza kudhamini nafasi ya kwanza. Google yenyewe huonya hivyo. Kadhalika, kulipia tangazo kwake hakupandishi ukurasa katika majibu ya kawaida. Kabla ya kuidhinisha malipo, Bodi imtake fundi aeleze kwa maandishi ni ukurasa gani atakaoubadili, na atabadili nini.

Kazi ya kufanya

Katibu achore karatasi yenye safu tatu: anwani ya ukurasa, kichwa cha sasa, na kichwa kinachofaa. Ili kuona baadhi ya kurasa ambazo Google inazijua, aandike katika sehemu ya kutafutia "site:" na kuunganisha hapo hapo anwani ya tovuti. Vichwa vipya visomwe mbele ya Bodi, viingizwe katika tovuti, na tarehe iandikwe. Mabadiliko huweza kuchukua siku chache au wiki kadhaa kuonekana. Kumbukeni pia kwamba kichwa kizuri hakiokoi ukurasa mtupu: bei, daraja la kahawa na namba ya simu lazima viwemo, na viwe sahihi.

Maswali ya majadiliano

1. Je, mnunuzi asiyejua jina la chama chetu angetumia maneno gani kutafuta zao letu?

2. Ni kurasa zipi za tovuti yetu zenye kichwa kimoja?

3. Je, kuna neno lolote katika vichwa vyetu ambalo hatuwezi kulithibitisha kwa hati?