HATARI YA METHANOLI NA NJIA ZA KUJIKINGA

Mtu mwenye homa afikapo katika kituo cha afya, mara nyingi hudungwa kidoleni na kutolewa tone la damu. Mtaalamu wa maabara hulipaka tone hilo juu ya kipande cha kioo, na sehemu iliyopakwa nyembamba huitia kimiminika kiangavu kutoka katika chupa, ili chembe za damu zishikamane na kioo zisiharibiwe na rangi itakayotiwa baadaye. Ndipo aangaliapo kwa hadubini na kujua kama mgonjwa ana vijidudu vya malaria, tena ni vya aina gani. Kimiminika hicho hufanana na maji, lakini si maji. Jina lake ni methanoli.

Methanoli imesaidia wagonjwa wengi kutambuliwa maradhi yao. Lakini methanoli hiyo hiyo imepofusha watu na kuua wengi, katika Kenya na katika nchi nyingine. Haina wema wala ubaya wa kuzaliwa nao. Yote hutegemea jinsi inavyowekwa, inavyoandikwa jina na inavyotumiwa. Kwa hiyo yafaa kila mtu aijue, hata yule asiyewahi kuingia katika maabara.

Methanoli ni Kitu Gani?

Zamani methanoli ilipatikana kwa kuchoma kuni ndani ya chombo kilichofungwa, kisha mvuke wake ukapozwa mpaka ukawa majimaji. Ndiyo maana iliitwa spiriti ya kuni. Mwaka 1923 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuitengeneza kwa wingi kiwandani kwa kuunganisha gesi, na siku hizi sehemu kubwa hutokana na gesi ya ardhini na makaa ya mawe. Viwanda huitumia kutengeneza gundi za mbao, rangi, plastiki na vitu vingine vingi. Maabara huitumia kuyeyushia dawa na kupimia vitu.

Kileo kilicho katika bia, mvinyo na chang'aa huitwa ethanoli. Ethanoli na methanoli ni kama ndugu wawili wa nyumba moja: sura zao zafanana, lakini tabia ni mbali mbali. Ethanoli ina madhara yake, kama ajuavyo kila aliyeishi karibu na mlevi. Lakini methanoli ni sumu kali hata kwa kipimo kidogo. Madaktari wameona kwamba mililita 10 za methanoli tupu, yaani kama vijiko viwili vya chai, zaweza kumpofusha mtu; na mililita 30 zimepata kuua mtu mzima.

Inavyowadanganya Watu

Kwanza, methanoli hudanganya macho, pua na ulimi. Haina rangi, harufu yake ni kama ya kileo, na ikichanganywa na pombe mnywaji hawezi kuitambua.

Pili, hudanganya wale wajionao kuwa wajuzi. Wako watu wanaowasha kiberiti juu ya pombe na kusema kwamba ikiwaka kwa moto wa buluu ni salama. Jaribio hilo halina maana. Ethanoli huwaka kwa moto wa buluu. Methanoli nayo huwaka kwa moto wa buluu hafifu. Na mchanganyiko wa zote mbili huwaka vivyo hivyo. Hakuna njia ya nyumbani ya kuitambua. Kipimo cha maabara peke yake ndicho cha kutegemewa.

Tatu, na hili ndilo baya kuliko yote, hudanganya kwa kukawia. Aliyekunywa huona ulevi wa kawaida, kisha hulala. Huenda akaamka akidhani ana uchovu wa pombe tu. Mara nyingi dalili zenyewe hutokea baada ya saa 12 hadi 24. Na ikiwa alikunywa methanoli pamoja na ethanoli, zaweza kukawia zaidi.

Inavyodhuru Mwili

Kukawia huko kuna sababu yake. Methanoli ikiingia mwilini, ini hushughulika kuigeuza ili kuiondoa. Kwanza huigeuza kuwa fomaldehaidi, ambayo ndiyo hutumiwa katika dawa ya kuhifadhia maiti. Kisha fomaldehaidi hugeuka kuwa asidi ya fomiki, ambayo ni asidi ile ile iliyomo katika sumu ya aina fulani za sisimizi. Asidi hii hujikusanya katika damu kwa sababu mwili huiondoa polepole mno. Basi mwili wenyewe, kwa kujaribu kujisafisha, ndio unaotengeneza kitu cha kuuangamiza.

Asidi ya fomiki hushambulia hasa mshipa wa fahamu unaopeleka habari za jicho katika ubongo. Mgonjwa huumwa na kichwa na tumbo, hutapika, hupumua kwa haraka, kisha huona kama anayetazama ndani ya ukungu mweupe. Wengine hupofuka kabisa, na asiyetibiwa upesi aweza kuzimia na kufa.

Maafa Yaliyotokea Kenya

Mwezi wa Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa katika mitaa ya maskini ya Nairobi, ikiwamo Mukuru kwa Njenga, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Wengine walipona wakiwa vipofu. Mwezi wa Mei 2014 msiba wa namna hiyo ulirudi, na watu wengi walikufa katika kaunti kadhaa, zikiwamo Embu na Kiambu.

Yafaa kueleweka kwamba pombe ya kienyeji ikichachuka kwa kawaida hutoa methanoli kidogo tu. Kwa kawaida maafa makubwa kama haya hutokana na methanoli ya viwandani iliyoibwa au kuuzwa kwa siri, ikatiwa katika pombe ili iwe kali kwa gharama ndogo. Kwa hiyo mlinzi wa ghala, karani wa stoo na mtumishi wa maabara wanaofunga mlango na kuandika kila lita katika daftari, wanalinda macho na uhai wa watu ambao hawatawajua kamwe.

Hatari ya Moto

Methanoli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika hewa ya kawaida ya chumba. Moto wake mchana hauonekani vizuri, hata mtu aweza kuutia mkono asiuone. Mwezi wa Septemba 2014, katika jumba la sayansi mjini Reno, Marekani, methanoli ilimiminwa kutoka katika chupa kubwa wakati wa kuwaonyesha watoto mchezo wa moto. Miali ililipuka, na watu 13 wakajeruhiwa, wengi wao watoto. Fundisho lake ni wazi kwa kila mwalimu: usimimine methanoli karibu na moto, wala mahali palipokuwa na moto muda mfupi uliopita, wala usilete chupa kubwa mbele ya wanafunzi.

Kanuni za Kuishika kwa Usalama

1. Methanoli ikae katika chombo chake cha asili chenye jina lake na alama za hatari: mwali wa moto, na fuvu la kichwa lenye mifupa miwili. Isihamishiwe kamwe katika chupa ya soda, ya maji wala ya pombe.

2. Ghala lifungwe kwa kufuli. Kinachotoka kiandikwe: kiasi gani, siku gani, na nani aliyekichukua.

3. Kazi ifanyike mahali penye hewa ya kutosha, mbali na jiko, sigara na cheche za umeme.

4. Anayeishika avae miwani ya kukinga macho na glavu zifaazo kemikali, kwani methanoli hupenya ngozi. Glavu nyembamba za hospitali hazitoshi kwa kazi ya muda mrefu.

5. Mtu asivute methanoli kwa mdomo katika mrija wa kupimia. Kuna vyombo vya kuvutia kwa mkono.

6. Mapipa matupu yasiuzwe wala kugawiwa watu wayatumie kwa maji ya kunywa au kwa pombe. Pipa lionekanalo tupu laweza kubakiwa na sumu chini, na mvuke wake waweza kulipuka likikatwa kwa moto.

7. Mabaki yasimwagwe katika mfereji wala mtoni. Yakusanywe katika chombo chenye jina na kukabidhiwa wale wenye idhini ya kuyaharibu.

Msaada wa Kwanza

Ikimwagika juu ya ngozi, nguo zilizolowa zivuliwe na ngozi ioshwe kwa maji mengi. Ikiingia machoni, macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mtu apelekwe kwa daktari. Aliyevuta mvuke atolewe nje penye hewa safi.

Aliyekunywa, au anayeshukiwa kunywa, apelekwe hospitali mara moja, hata kama anasema hajisikii vibaya. Asitapishwe, wala asingojewe mpaka macho yaanze kuingia giza. Hospitalini madaktari wana dawa iitwayo fomepizoli, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitia mwaka 2013 katika orodha ya dawa za lazima. Dawa hiyo hulizuia ini lisiigeuze methanoli kuwa asidi. Mahali isipopatikana, madaktari hutumia ethanoli kwa kipimo maalumu huku wakipima damu, na wagonjwa wengine husafishwa damu kwa mashine. Matibabu haya hayawezi kufanywa nyumbani. Kumpa mgonjwa pombe nyingine ili apone ni kumwongezea hatari na kumpotezea wakati.

Jambo moja zaidi lisisahauliwe. Mtu mmoja akiugua baada ya kunywa, ndugu na jirani wawatafute wote waliokunywa pamoja naye. Yule aliyelala kimya katika chumba cha pili, ambaye watu husema aachwe apumzike, huenda ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote. Na pombe iliyobaki isimwagwe wala kuonjwa, bali ifungwe na kukabidhiwa daktari au polisi, ili ipimwe na wengine waonywe.

Wahenga walisema kwamba tahadhari ni kabla ya hatari. Kwa methanoli, tahadhari huanza mapema sana: huanza na jina lililoandikwa juu ya chupa, kufuli la ghala, na mtu anayekataa kuuza lita moja kwa yule asiyeweza kueleza anaitakia nini.