Dondoo muhimu: Boga halitupwi kitu

Boga ni ndugu wa tikiti, na kwa akina mama wa Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, ni chakula kuanzia jani hadi mbegu.

• Chagua lililokomaa. Kikonyo kiwe kikavu, na ukucha usipenye ganda.

• Pika na maharage. Yakikaribia kuiva, tia vipande vya boga, kitunguu na chumvi. Malizia na kijiko cha mafuta ya mawese. Hapo maharage ya milima ya Masisi yamekutana na mawese ya Walikale.

• Chuma majani machanga. Vuta nyuzi za vikonyo, katakata, kisha pika na nyanya.

• Tunza mbegu. Zioshe, zianike, zimenye, uzitwange: hiyo ndiyo mbika. Changanya na kitunguu, pilipili, chumvi na maji kidogo, funga kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni, upike kwa mvuke hadi igande. Ukifungua, harufu ya jani itawaita watoto.

• Hifadhi zima. Boga lenye kikonyo hukaa miezi mahali pakavu. Likikatwa, lipike ndani ya siku 2.