KATI YA MASIKA NA VULI: MBOGA MLANGONI, KIONDO MKONONI

Nchi yetu imepitiwa na mstari wa Ikweta, kwa hiyo hatuoni miti yote ikipukutisha majani kwa pamoja kama katika nchi za baridi. Hata hivyo mwaka wetu nao una kugeuka kwake. Mvua za masika huanza Machi na kupungua Mei au Juni. Halafu huja baridi na mawingu ya Julai na Agosti, kisha jua la Septemba, na kwenye Oktoba vuli hubisha hodi. Mahali penye misimu miwili, mavuno ya masika huwa yanaingia ghalani. Kwa wenzetu wa Trans Nzoia na Uasin Gishu mahindi bado yamesimama shambani, lakini palizi imekwisha na kuvuna ni mpaka Oktoba au Novemba. Kwa wote kuna majuma ambayo jembe kubwa hupumzika. Somo letu la mwezi huu lahusu majuma hayo.

Kila mama wa nyumba anajua ya kuwa hayo ndiyo majuma ya taabu jikoni. Unga upo, lakini mboga hakuna. Mboga zilizoota zenyewe wakati wa mvua zimekauka, na mtoto hutumwa dukani kila jioni na sarafu mkononi. Tufanye hesabu ndogo. Tuseme nyumba moja hununua sukuma wiki ya shilingi 30 kwa siku. Tangu tarehe 1 Agosti mpaka tarehe 31 Oktoba ni siku 92. Shilingi 30 mara 92 ni shilingi 2,760. Hizo ni fedha za maziwa au za mahindi, zimekwenda kununua majani ambayo yangeota hatua 10 kutoka mlangoni.

Mashamba mengi ya makazi yalipatikana kwa mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962. Hesabu za siku zile zilikuwa za ng'ombe wa maziwa, pareto, mahindi na chai, kadiri ya mahali. Hizo ni kazi njema. Lakini katika sehemu nyingi mashamba yale yamekwisha gawanywa kwa wana na wajukuu, na penye ekari chache kila pembe ya kiwanja hapana budi ifanye kazi.

Tuta moja karibu na nyumba

Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Vivyo hivyo bustani ya mbali haijazi sufuria. Chagua mahali karibu na jiko, panapopata jua angalau nusu ya siku, na mbali na choo. Zungusha ua mapema, kwa maana kuku mmoja aweza kuharibu katika dakika chache kazi ya juma zima.

Pima tuta la upana wa futi 4 na urefu wa futi 12. Usizidishe upana huo, ili uweze kufikia katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga udongo. Lima kwa kina, vunja mabonge, kisha changanya karai 3 au 4 za samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mahali pakavu, lizamishe tuta kidogo chini ya usawa wa ardhi ili lishike maji. Mahali pa udongo mzito unaotuamisha maji, liinue.

Panda mistari miwili ya sukuma wiki, futi 2 kati ya mistari na futi 1½ kati ya mche na mche. Hivyo tuta moja litachukua miche 16. Ikiwa hukuotesha kitalu, nunua miche kwa jirani, maana kitalu huchukua majuma 4 hadi 6 na vuli haitakungoja. Kati ya mistari sia mbegu za mchicha. Mchicha utaung'oa na kuula baada ya majuma 3 au 4, kabla sukuma wiki haijatanua majani yake. Tuta la pili, ukiweza, lipe mnavu, mgagani na kunde. Mboga hizi za kienyeji zina nguvu kubwa mwilini, na wengi waliozidharau zamani sasa wanazitafuta sokoni kwa bei nzuri.

Unapochuma sukuma wiki, chukua majani ya chini, uache yale machanga ya juu. Mche unaochumwa kwa adabu hukupa mboga kwa miezi mingi.

Asiye na nafasi atumie gunia

Chukua gunia la kilo 90. Tafuta kopo kubwa, uondoe kitako chake, ulisimamishe katikati ya gunia na kulijaza mawe madogo. Kandokando ya kopo jaza udongo uliochanganywa na samadi. Kisha vuta kopo juu, mawe yabaki chini, ulijaze tena, mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya mawe itapeleka maji mpaka chini. Toboa matundu ubavuni, inchi 8 kati ya tundu na tundu, upande mche katika kila tundu, na mingine juu. Mzee asiyeweza kuinama aweza kulima gunia lake akiwa ameketi kitini.

Maji, matandazo na wadudu

Tuta la ukubwa huu litatosheka na debe 1 la maji kwa siku wakati wa jua, au madebe 2 kila siku ya pili. Wakati wa mawingu ya baridi latosha hata pungufu ya hayo. Mwagilia asubuhi au jioni, chini ya mche, si juu ya majani. Maji ya kuoshea mboga na ya kusuuzia vyombo yafaa sana. Maji yenye sabuni nyingi au dawa ya kung'arisha nguo yasitumiwe.

Baada ya kumwagilia, funika udongo kwa matandazo ya nyasi kavu au mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa. Acha nafasi ndogo kuzunguka shina. Matandazo huzuia jua lisinywe maji yako, huzuia magugu, na yakioza hugeuka kuwa chakula cha udongo.

Wakati wa ukavu vidukari hupenda sana sukuma wiki. Kagua chini ya majani kila asubuhi unapopita. Ukiwaona wachache, waponde kwa kidole, au uchume jani lile ulitupe mbali. Wakizidi, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo. Ukilazimika kutumia dawa ya dukani, soma karatasi yake na ungoje siku zote zilizoandikwa kabla ya kuchuma. Mboga hii ni ya watoto wako. Tena usirudishe sukuma wiki au kabichi katika tuta lile lile msimu baada ya msimu. Badilisha na kunde au vitunguu.

Hii si kazi ya adhabu. Saa moja ya asubuhi, kabla jua halijapanda, mtu huzunguka tuta lake na kopo la maji, akaona jani lililofunguka usiku na kunusa udongo uliolowa. Mkulima aliyeshindwa na bei ya maziwa na ya mbolea, mambo asiyoyatawala, hapa anatawala.

Katani ya mpakani na mikono ya jioni

Sasa tuje kwenye kazi ya jioni. Mara nyingi mpakani mwa shamba kuna mkonge uliopandwa kuwa ua. Mmea huu si wa asili ya kwetu. Ulitoka Mexico, ukaingizwa Tanganyika mwaka 1893. Lakini kusuka viondo ni ufundi wa zamani zaidi. Akina mama wa Ukambani na wa Gikuyu walisuka kwa nyuzi za maganda ya miti na vichaka kabla ya mkonge kufika. Ulipofika, waliona ya kuwa nyuzi zake ni ndefu na imara, wakauingiza katika ufundi wao. Hilo ni fundisho kwa mkulima: si lazima kutupa cha zamani ndipo upokee kipya.

Kata majani ya chini ya mkonge, yaliyokomaa. Ondoa kwanza mwiba wa ncha, kwa kuwa umetoboa macho ya watu. Pasua jani vipande virefu, uweke juu ya ubao, na kulikwangua kwa ubapa wa panga butu mpaka nyama ya kijani itoke na nyuzi nyeupe zibaki. Utomvu wake huwasha ngozi, kwa hiyo nawa mikono na usiguse macho. Osha nyuzi katika beseni, kamwe si mtoni wala kisimani, kwa sababu makapi yake huoza na kuchafua maji ya jirani. Anika juani mpaka zikauke.

Kusokota hufanywa juu ya paja. Shika mafungu mawili membamba ya nyuzi, uyaviringishe kwa kiganja kuelekea gotini, kila fungu peke yake. Kisha uyarudishe pamoja, nayo yatajifunga kuwa uzi mmoja. Siku ya kwanza uzi utakuwa mnene hapa na mwembamba pale. Usivunjike moyo. Mnunuzi hutazama usawa wa uzi kabla ya kutazama rangi, na usawa huja kwa mazoea tu. Ukitaka rangi, chemsha maganda ya vitunguu upate manjano, au majani ya chai upate kahawia. Shabu kidogo katika maji husaidia rangi kushika.

Kiondo huanza kwenye kitako. Laza nyuzi 6 juu ya nyuzi 6 nyingine, zikate msalaba, utapata ncha 24 zilizotawanyika kama miale ya jua. Kisha chukua nyuzi mbili za kuzungushia, moja ipite mbele na moja nyuma ya kila ncha, na kati ya ncha moja na nyingine uzikingamanishe. Kitako kikipanuka na nafasi zikiwa kubwa, ongeza ncha mpya. Kikifikia upana unaoutaka, acha kuongeza, nazo pande zitaanza kusimama zenyewe. Mwisho funga ukingo kwa uthabiti na utie mikanda ya ngozi.

Mahali pa baridi sana mkonge hausitawi vizuri. Huko mwenye kondoo wa sufu na asokote sufu. Watu wa pwani wana ukindu na miyaa ya mikeka, na watu wa kando ya ziwa wana mafunjo. Katika mashamba ya makazi mara nyingi tumepakana na watu waliotoka wilaya mbalimbali. Basi tumia bahati hiyo. Kaa jioni na mama mzee wa jirani ukamwombe akufundishe. Wanaojua kazi hii kwa ukamilifu wengi ni wazee, na kamba ya nailoni haitakuja kumfundisha mtoto wako ufundi huo baada yao.

Soko nalo lipo. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku katika Kenya, na kila aendaye sokoni anahitaji kitu cha kubebea. Anza na kiondo chako mwenyewe. Ukikibeba sokoni kikiwa kimejaa mboga zako, umekwisha kitangaza.

Fedha hizi ni za nani?

Hapa twasema na baba wa nyumba. Katika nyumba nyingi hati ya shamba ina jina lako, na malipo ya maziwa hulipwa kwa jina lako. Bustani na kiondo mara nyingi ni kazi ya mkono wa mama. Tumeona mara nyingi jinsi bustani nzuri inavyokufa: si kwa vidukari wala kwa ukame, bali siku mama alipouza mafungu 10 ya mboga na fedha zikachukuliwa bila yeye kuulizwa. Siku ya pili hakumwagilia. Hakugomba, alinyamaza tu, na matuta yakakauka.

Kwa hiyo yafaa iwe kanuni ya nyumba: aliyepanda na kusuka ndiye mwenye neno la kwanza juu ya fedha hizo. Baba ana sehemu yake pia, nayo ni kuchimba tuta, kujenga ua, kukata mkonge na kushona mikanda ya ngozi. Watoto wapewe kopo moja moja la kumwagilia baada ya shule, lakini wasizuiwe kwenda shule kwa ajili ya kuchuma. Haba na haba hujaza kibaba, ikiwa tu kibaba hakikutobolewa.

Kazi ya mwezi huu

Someni somo hili pamoja nyumbani au katika kikundi chenu, mjibu maswali haya:

1. Nyumba yenu hutumia shilingi ngapi kununua mboga kwa juma moja? Zidisha kwa majuma 13.
2. Ni mahali gani karibu na jiko panapopata jua nusu ya siku?
3. Maji ya kusuuzia vyombo humwagwa wapi sasa?
4. Ni nani jirani yenu ajuaye kusuka, na ni nani nyumbani mwenu atakayekwenda kwake jioni ya leo?
5. Fedha ya fungu la kwanza la mboga litakalouzwa itashikwa na nani?

Swali la tano lijibiwe kabla ya kuchimba tuta.